Kilomita Zilizobaki Kufika Somanga

Kuanzia Kibiti hadi Lindi, madereva wa zamani walimjua Likwata kwa jambo moja: hajawahi kuishiwa mafuta njiani. Kupasukiwa na gurudumu, alipasukiwa. Kukwama alikwama, tena safari moja alikwama Mbwemkuru mpaka mahindi ya watu yakaota kando ya lori. Lakini kuishiwa mafuta, hapana.

Shule hakwenda. Alianza utingo kwenye lori la chama cha ushirika, lori la korosho. Siku dereva alipougua akapewa usukani, na hakuurudisha tena. Mshale wa mafuta wa lori lile ulikufa kabla yeye hajalijua, kwa hiyo alikata ufito wa mwanzi, akauparua vizuri, akawa anautumbukiza kwenye tangi kila asubuhi. Akiutoa aliutazama ulipolowa, kisha hasemi kitu. Anatazama mzigo. Anatazama mawingu. Anawauliza wanaotoka huko anakokwenda, mchanga umekaaje, mto umeshuka? Ndipo aseme, "Yanatosha," au aseme, "Hayatoshi."

Hata nyumbani hakuwa na maneno mengi zaidi ya hayo. Mkewe, Tawakali, aliuza samaki wa kukaanga kando ya barabara pale Somanga, mabasi yakisimama. Aliwaambia wenzake, "Mume wangu ukimsikia kasema maneno kumi kwa siku, jua ana homa." Wenzake wakacheka, na Likwata, aliyekuwa amekaa palepale, akacheka pia bila kutoa sauti.

Kisha biashara ikafunguliwa. Wanunuzi binafsi wakaja na magari yao, ushirika ukalegea, lori la korosho likauzwa kwa wanunua vyuma chakavu. Likwata akawa dereva wa watu, leo wa huyu, kesho wa yule, mpaka umri ukamweka kitako. Mwaka uliofuata ule wa kufunguliwa daraja la Rufiji, katikati ya masika, Tawakali aliugua siku chache akafariki.

Barabara ilikuwa imekatika. Mama yake Tawakali, Bi Kazija, alikuwa Dar es Salaam kwa mwanawe wa kiume, Abilahi, akitibiwa mtoto wa jicho. Mabasi yalikuwa yamelala kwenye tope huko Nyamwage. Maiti haingojei. Likwata alimzika mkewe jioni ileile, na mama mtu hakuuona uso wa mwanawe wala kaburi lake.

Bi Kazija hakulalamika. Alituma neno kwa simu: kwenye hitima ya arobaini nitakuwepo. Likwata akaishika simu ya watu kwa mikono miwili, akajibu, "Nitakufuata mwenyewe, mama. Hitima haitasomwa bila wewe."

Kwa Likwata yalikuwa maneno mengi. Na aliyesemezwa alikuwa mama mkwe.

Mkwe kwa watu wa kule si mtu wa kukaa naye mkeka mmoja. Likwata hakuwahi kula mbele ya Bi Kazija. Hakuwahi kulitaja jina lake. Akikutana naye kwenye njia nyembamba aliingia majanini mpaka mama apite. Miaka yote ya ndoa yake wameamkiana kwa mbali, yeye kachuchumaa, macho chini. Sasa alikuwa amechukua dhamana ya kumleta garini, wawili peke yao, tangu Dar es Salaam hadi Somanga.

Masika yalipoisha alipanda basi akaenda. Abilahi alikuwa mfanyabiashara wa mitumba Kariakoo, na mzigo wake ulikuwa haujatoka bandarini, kwa hiyo asingeweza kusafiri. Akatoa gari lake, gari dogo jeupe kutoka Japani, lililokuwa bado na harufu ya upya ingawa lilitumiwa na wengine kwanza.

"Shemeji, shikamoo. Hili si lori la ushirika," alisema asubuhi ile ya safari. "Hili linajua kuhesabu."

"Marahaba. Linahesabu nini?"

"Kilomita. Ona hapa." Kwenye dashibodi kulikuwa na kidirisha kidogo chenye namba za kijani. "Linaangalia mafuta yaliyomo kwenye tangi. Linaangalia limekuwa likinywaje huko lilikotoka. Linapiga hesabu, linakuandikia: kwa mafuta haya utakwenda kilomita hizi. Wajapani hao, shemeji! Ule ufito wako kautupe."

Kusoma Likwata hakujua, lakini namba alizijua. Magunia yalimfundisha. Akaitazama ile namba, ikamvutia. Maisha yake yote alikuwa akikisia, na kumbe kuna chombo kinachosema waziwazi, kwa namba, bila kuuliza mtu.

Wakapakia mchele, sukari na mafuta ya kupikia, vitu vya hitima. Nyuma ya gari kukalala chini. Likwata akauliza dumu la petroli ya akiba likae wapi. Abilahi akakunja uso. "Litamnukia mama, atatapika njia nzima. La nini? Si limekwambia lenyewe?" Likwata akaliacha ukutani.

Bi Kazija alikaa kiti cha nyuma. Kabla ya kuondoka Likwata aliinua mkono akakipindua kile kioo cha katikati kielekee darini, asije akakutana na uso wa mkwe. Kisha, kwa kumheshimu, akabonyeza kitufe cha baridi kama alivyofundishwa. Baridi ikatoka, nzuri, nyingi. Akaiacha hivyohivyo.

Lami ilikuwa laini. Gari lilikwenda kama linateremka. Na ile namba ilimstaajabisha, maana kuna mahali, badala ya kupungua, iliongezeka. Akaona gari linamwamini. Au yeye ndiye aliyekuwa akiliamini gari, hakutofautisha.

Kibiti alisimama kituo cha mafuta ili mama ateremke ajinyooshe kidogo. Namba ilisema mia moja na tisini. Somanga, kwa alivyoijua, haifiki hata mia. Mwuza mafuta akaja na mpira mkononi.

"Nijaze, mzee?"

"Hapana."

"Mzee, jaza. Ng'ambo ya daraja lami inaisha, ni mchanga mtupu. Kituo kingine hukioni mpaka Somanga."

Bi Kazija alikuwa anarudi kwenye gari. Akasema kwa upole, kwa sauti ya kuongea na mkwe, yaani kama anaongea na mlango, "Kwani mafuta yapo, baba?"

Hapo Likwata angesema neno lake la siku zote. Angefungua tangi, angeuliza mchanga umekaaje. Lakini mama alikuwa akisikiliza, na katika miaka yote ile hajawahi kuwa na kitu cha kumwonyesha. Akapandisha sauti, yeye ambaye hapandishi sauti.

"Unanifundisha barabara hii mimi? Nimeipita wewe hujazaliwa. Na gari hili linahesabu lenyewe. Soma hapo. Mia na tisini!"

Mwuza mafuta akainama dirishani, akasoma, akarudisha mpira wake. "Haya, babu wa kompyuta. Safari njema."

Waliokuwa pale wakacheka. Likwata akaondoa gari. Nyuma yake Bi Kazija alisema, "Alhamdulillahi," na Likwata akahisi kifua kinapanuka. Raha yenyewe ilidumu mpaka darajani.

Ng'ambo ya Rufiji lami ikaisha kama ilivyosemwa. Mchanga wa baada ya masika ni mbaya kuliko tope, hauonyeshi ubaya wake. Gurudumu linazama taratibu, injini inalia, gari linakwenda hatua za mtu mzee. Likwata akashuka gia ya pili, akashuka ya kwanza, akarudi ya pili. Mzigo wa nyuma uliburuza. Baridi ilikuwa ikitoka tu.

Akaitupia jicho namba. Mia na arobaini. Akasogea kidogo sana, kutoka kwenye mkorosho mmoja hadi mwingine, akaitazama tena. Mia na kumi.

Ndipo akaelewa, na jasho likamtoka katikati ya baridi ile. Gari lilikuwa limehesabu kwa lami. Njia liliyotoka liliijua vizuri, ndiyo maana liliandika kwa ujasiri vile. Njia linayokwenda halikuijua hata kidogo. Aliyeijua alikuwa yeye. Kila shimo la barabara ile alilijua. Naye alikuwa amenyamaza, akamwachia mgeni aseme.

Pale Nyamwage kulikuwa na meza kando ya njia, chupa za petroli zimepangwa juani, mwanamke mmoja akipunga kitambaa kuwafukuza nzi. Likwata akapunguza mwendo. Mguu wake ulikuwa tayari juu ya breki. Akafikiria kufungua mlango, kununua chupa, na mama nyuma akisikia, baada ya maneno yale ya Kibiti. Mwanamke alisimama akashika chupa mbili, akatabasamu.

Likwata akampita.

"Ulitaka kusimama, baba?" aliuliza Bi Kazija.

"Hapana, mama. Mbuzi alikuwa anavuka."

Hakukuwa na mbuzi.

Baada ya hapo akawa anakwepa kuitazama namba, anaisikia tu. Mara ya mwisho alipotazama, namba haikuwepo. Kulikuwa na vistari viwili, kana kwamba gari nalo limeona aibu limefumba macho. Kabla ya kufika Malendego injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza. Gari likasimama katikati ya mchanga, vichaka huku na huku. Baridi ikakata.

"Tumefika?" aliuliza Bi Kazija.

"Bado, mama."

"Mbona tumesimama?"

"Gari linapumzika."

"Aa. Afadhali. Baridi ile ilikuwa inaniua."

Likwata karibu ageuke, akajizuia. "Mbona hukusema, mama?"

"Niseme nini, baba? Nilidhani gari ndivyo lilivyo. Nimejifunga khanga zote nilizonazo."

Kama kioo kingekuwa mahali pake angemwona tangu Dar es Salaam. Akashuka. Akafungua boneti, akaiinamia kama mtu anayetafuta kitu, ingawa alijua hakuna cha kutafuta humo. Jua lilikuwa kichwani. Hitima ilikuwa isomwe baada ya alasiri. Yeye mwenyewe alikuwa amewaambia watu: msianze, mpaka mama afike.

"Linapumzika mpaka saa ngapi?" sauti ikauliza kutoka ndani.

Likwata akakaza kifuniko kilichokuwa tayari kimekazwa.

Walikaa muda. Basi moja lilipita likitokea kusini, dereva akapiga honi, vumbi likawafunika. Kisha upande wa darajani kukasikika lori. Likwata alilitambua kwa mlio kabla hajaliona. Alikuwa Xaveri, Mmakonde wa Newala, mtani wake wa barabarani tangu enzi za korosho za ushirika. Mtu yeyote mwingine angekuwa nafuu.

Lori likasimama. Xaveri akatoa kichwa, akavua kofia, akaivaa tena.

"Naota au naona? Likwata! Utingo, shuka, shuka uje uone kitu! Likwata wa ufito kaishiwa! Si kaishiwa huyo? Mtazame anavyoitazama injini kama anaichumbia!"

Likwata akamwonyesha kwa macho kiti cha nyuma. Xaveri hakuelewa.

"Leo nikifika Lindi silali, nakwenda nyumba kwa nyumba. Ulinisema wewe! Kila nikisimama barabarani ulinisema! Uko wapi ufito, umeula?"

"Mkwe wangu yumo," Likwata alisema kwa sauti ndogo.

Xaveri akafunga mdomo kama aliyepigwa kofi. Akashuka, akavua kofia safari hii kwa adabu, akainama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba," alisema Bi Kazija ndani ya gari. "Endelea, baba. Nilikuwa nacheka."

Likwata alitamani mchanga ummeze, na mchanga ule ulikuwa umemeza vitu vikubwa zaidi.

Petroli Xaveri hakuwa nayo. "Mimi dizeli, mtani. Ningekupa damu, lakini petroli sina." Wakaafikiana kwamba mama apande lori, awahi hitima, na vitu vya hitima vipande naye. Utingo akahamisha mchele na sukari.

Ikabaki kumpandisha mama. Mlango wa lori ulikuwa juu, kipandio chake cha kwanza kikifika kifuani mwa mtu. Bi Kazija alishuka kwenye gari dogo akasimama mchangani, mdogo, kajitanda khanga juu ya khanga, akautazama mlango ule. Xaveri akanyoosha mikono. "Njoo, mama, nikunyanyue."

"Wewe sikujui," alisema Bi Kazija. "Huyu namjua. Baba, ninyanyue."

Likwata aliduwaa. Mtu ambaye hajawahi kupeana naye mkono. Xaveri, ambaye katika maisha yake hajawahi kuacha mzaha upite, aligeuka akatazama vichaka, na utingo akafanya vivyo hivyo. Likwata akafumba macho, akapitisha mkono mmoja mgongoni na mwingine chini ya magoti, akamwinua. Alikuwa mwepesi. Alikuwa mwepesi kama Tawakali siku zile za mwisho, alipokuwa akimtoa ndani kumpeleka uani. Akamkalisha kitini, akarudi nyuma upesi, akachuchumaa chini na kutazama mchanga.

"Nisamehe, mama."

"Ya nini? Mimi ndiye niliyesema."

Xaveri alipanda, akawasha. "Na wewe panda juu ya mzigo, mtani. Hitima ya mkeo hiyo. Gari nitamwachia utingo alilinde."

Kila kitu kilikuwa tayari. Utingo alishakubali. Lakini Likwata alijiona akiingia Somanga juu ya magunia ya watu, wauza samaki wote wamesimama wanatazama, madereva wa mabasi wanaulizana. Siku ya hitima. Yeye, Likwata.

"Gari ni la shemeji," alisema. "Nitalilinda mwenyewe."

"Utingo wangu si mwizi, wewe."

"Nitalilinda mwenyewe." Kisha akasogea kwenye mlango wa dereva, akashusha sauti. "Wakikuuliza, sema injini."

"Injini?"

"Injini imekufa. Sema hivyo."

Xaveri alimtazama, hakucheka. Pembeni yake Bi Kazija alikuwa akitazama mbele, mikono mapajani. Dirisha lilikuwa wazi.

Lori likaondoka. Baadaye, upepo ulipogeuka, adhana ya alasiri ilisikika kwa mbali. Likwata hakuwa na maji, akatayamamu kwa mchanga uleule uliomkwamisha, akaswali kando ya gari. Akajua kwamba saa ile misahafu inafunguliwa, watu wamekaa, jina la Tawakali linatajwa. Akajaribu kusoma naye. Alichokijua kilikuwa kifupi, kikaisha. Akakirudia. Hakuna aliyemkataza kuwa pale. Nafasi ilikuwepo juu ya magunia, akaikataa kwa mdomo wake.

Alilala garini, na asubuhi jirani yake Mbaraka alifika kwa baiskeli na dumu la petroli limefungwa nyuma kwa kamba.

"Umeamkaje, kaka?"

"Salama." Likwata alilitazama dumu. "Nani kakwambia ni mafuta?"

"Xaveri kasema injini. Mkweo kasema mafuta." Mbaraka akaanza kufungua kamba. "Tukamwamini mkweo."

"Alisema mbele ya watu?"

"Mbele ya watu gani, kaka? Watu wote. Xaveri kaanza, oo, injini imekufa, imetoa moshi, mpaka moshi kautia. Bi mkubwa akamwambia, baba, hapakuwa na moshi, aliishiwa mafuta. Kwenye hitima watu hawacheki. Lakini hapo walicheka."

Likwata alimimina petroli mwenyewe, haraka, nyingine ikamwagika.

Alipita Somanga kioo kimepandishwa, lakini aliwaona. Wauza samaki waliacha makarai yao wakamtazama. Mmoja akapiga vigelegele vifupi, mwingine akamziba mdomo. Nyumbani majamvi ya hitima yalikuwa bado hayajakunjwa. Bi Kazija alikuwa amekaa barazani peke yake. Likwata alichuchumaa mbali, pale penye mpaka wake wa siku zote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Gari limeamka?"

"Mama, haikuwa injini."

"Najua. Nilikuwemo."

"Na mbuzi hakuwepo."

"Sikumwona."

Likwata alichora kitu ardhini kwa kidole, akakifuta. Lililobaki lilikuwa zito kuliko yote mawili. "Jana ningeweza kupanda juu ya lori."

Bi Kazija alipangusa jamvi kwa kiganja. "Hitima ilisomwa vizuri," alisema. "Watu walijaa. Walipouliza mume wa marehemu yuko wapi, nikawaambia analinda gari. Mafuta kuisha hakukunitia aibu, baba. Mafuta yanaisha. Ila lile neno, kulitamka kwenye hitima ya mwanangu, analinda gari, liliniaibisha."

Likwata akainamisha kichwa zaidi. Hakuomba radhi, kwa sababu hakuona ataiweka wapi radhi hiyo.

"Haya, inuka," alisema Bi Kazija. "Nipeleke kwa mwanangu. Jana walitaka kunipeleka, nikakataa. Aliyemzika ndiye atakayenionyesha."

Wakatoka. Yeye mbele, mama nyuma, mbali kidogo, kama inavyotakiwa. Kufika makaburini ilibidi wapite barabarani, mbele ya meza zote za samaki. Likwata alitaka kuzunguka nyuma ya nyumba. Kisha akasikia ndara za mama zinakuja nyuma yake, zinafuata anapokwenda yeye, akapita barabarani. Watu walimwona. Wengine wakamwamkia, wengine wakatazama samaki wao.

Kaburi la Tawakali lilikuwa mwisho wa safu. Mvua za mwisho zilikuwa zimeliotesha majani pande zote. Bi Kazija alisimama, akalitazama kwa macho yake mapya kuanzia kichwani hadi miguuni. Midomo yake ilicheza. Hakulia kwa sauti. Kisha akakusanya khanga zake, akachuchumaa, akaanza kung'oa majani.

Likwata akazunguka upande wa pili, akachuchumaa, akang'oa na yeye. Kaburi lilikuwa katikati yao. Hawakuwahi kukaa karibu hivyo. Waling'oa mpaka jua likapanda, na Likwata akainuka kujipangusa udongo mikononi.

Bi Kazija aliinua uso, akatazama ng'ambo.

"Upande wako umeacha mengine," alisema.

Likwata akachuchumaa tena.